Mlango wa shule uko wazi, nani amshike mtoto?

Tangu Novemba 2021, msichana wa Tanzania Bara aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Tarehe 24 mwezi huo Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza mabadiliko hayo. Ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, na Februari 2022 ukafuata mwongozo wa utekelezaji. Uamuzi ule ulistahili pongezi na bado unastahili. Lakini kuruhusiwa kurudi ni jambo moja, na kurudi kwenyewe ni jambo jingine. Kati ya geti la shule na dawati kuna mtoto mchanga anayetaka kunyonya, kuna wanafunzi wanaomcheka mwenzao, na kuna wazazi ambao hawana habari kama waraka huo upo.

Inafaa kukumbuka ilikotoka hali hii. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja makosa dhidi ya maadili na kuingia katika ndoa kuwa sababu za kumwondoa mtoto shuleni, na mimba ikahesabiwa humo humo. Juni 2017, akihutubia wananchi Chalinze mkoani Pwani, Rais John Magufuli alisema kwamba katika uongozi wake hakuna mwanafunzi mwenye mimba atakayerudi shuleni. Alitoa mfano wa msichana anayeomba ruhusa katikati ya hesabu akamnyonyeshe mtoto.

Mfano ule ulitolewa kama sababu ya kumzuia. Ukiutazama kwa utulivu, ni suala la ratiba.

Mama wa mtoto wa miezi mitatu anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, ikifika mapumziko ya saa nne matiti yamejaa, yanauma, na maziwa yameanza kulowesha blauzi nyeupe ya sare. Anavaa sweta hata kwenye joto la Lindi. Anakaa dawati la nyuma, amekunja mikono kifuani, na hasimami kwenda ubaoni hata kama jibu analijua. Nyumbani mtoto amebaki na bibi yake, ambaye naye ana shamba la kupalilia. Msichana akikimbia kwenda kunyonyesha, na nyumbani ni kilomita tano, siku hiyo harudi. Wiki ikiisha mwalimu wa darasa ameandika utoro. Mwezi ukiisha, jina lake linasomwa asubuhi mstarini na hakuna anayeitika. Hapo waraka haujavunjwa na mtu yeyote, na msichana ameshaacha shule kwa mara ya pili.

Kinachohitajika hapo si kikubwa. Chumba kimoja chenye mkeka na mlango unaofungika. Mtu mzima mmoja anayeaminika, anayeishi jirani na shule, wa kumshika mtoto hadi mapumziko. Mwalimu mkuu anayekubali kwamba mwanafunzi huyu ataingia darasani dakika ishirini baada ya wenzake bila kusimamishwa nje. Kama shule inaweza kupanga zamu za kuchota maji na kufagia uwanja, na hili inaweza kulipanga.

Ushahidi kwamba linawezekana upo nchini. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa wazo ambalo Mwalimu Nyerere alilichukua Sweden, sasa ni 54. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wasichana waliokatiza shule wanasoma masomo ya sekondari pamoja na ujuzi kama ushonaji, mapishi au umeme, na chuo kina kituo cha kulelea watoto mchana. Mama anaingia darasani, mtoto anabaki na mlezi hatua chache kutoka pale, na saa ya kunyonya ikifika mama anafuatwa. Hakuna somo lililoharibika kwa sababu hiyo. Shida ni kwamba vyuo ni 54 na halmashauri za Tanzania Bara ni 184. Msichana ambaye chuo cha karibu naye kiko wilaya ya tatu, kituo hicho kwake ni habari ya redioni.

Wako wanaosema kumrudisha msichana aliyezaa kunawafundisha wenzake kwamba mimba haina madhara. Wengi wao ni wazazi wenye nia njema na hofu ya kweli, kwa hiyo wanastahili kujibiwa na si kubezwa. Jibu liko kwenye lile dawati la nyuma. Hakuna binti wa kidato cha pili anayemtazama mwenzake akisinzia kwenye kipindi cha kwanza kwa sababu mtoto hakulala, na akihesabu senti za dawa ya kikohozi badala ya senti za daftari, kisha akamwonea wivu.

Anachoweza kukifanya, na mara nyingi hukifanya, ni kumzomea.

Hapa ndipo mjadala wa mimba za utotoni unapokutana na jambo ambalo shule nyingi bado hulichukulia kuwa utani wa watoto. Msichana anarudi, na asubuhi ya kwanza wenzake wanamwamkia shikamoo kwa sauti ya kejeli. Jina lake linatoweka, anaitwa mama fulani. Mvulana anatoa mlio wa kichanga akilia, darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu naye, pengine bila kukusudia ubaya, anamtolea mfano: someni, msije mkawa kama huyu. Jioni, picha yake ya wakati wa ujauzito iko kwenye kundi la WhatsApp, ina maneno chini yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu kwa njia hiyo, lakini ni mzazi gani wa kijijini atapanda gari hadi kituo cha polisi kuishitaki picha? Anayeweza kulizima jambo hili siku hiyo hiyo ni mwalimu wa darasa. Kama mwalimu huyo ni mmoja wa waliocheka, msichana hana pa kwenda.

Kwa kuwa WhatsApp imetajwa, kuna lawama moja kuhusu simu ya kuipima upya. Kwenye vikao vya wazazi, mahubiri na mijadala ya redio, jibu jepesi la nini kinawaharibu vijana ni simu na nyimbo. Zina sehemu yake. Video za ngono zinafika mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na tatu kabla mtu hajamweleza mwili wake unafanyaje kazi, na mwanamume mzima anaweza kumtongoza binti kwa kumtumia bando bila mzazi kujua. Lakini kama simu ingekuwa ndiyo mzizi, Dar es Salaam ingeongoza kwa mimba za utotoni. Haiongozi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliwahi kupata ujauzito, na kwamba hali ni mbaya zaidi vijijini kuliko mijini. Songwe ilifikia asilimia 45. Kenya mwaka huo huo ilikuwa na wastani wa asilimia 15, lakini Samburu ilifika 50 wakati Nyeri ilikuwa 5. Hakuna atakayedai kwamba vijana wa Samburu wanashinda mitandaoni kuliko wa Nyeri.

Kinachotofautisha maeneo hayo ni umbali, umaskini, na desturi za kumwozesha binti mapema. Sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ziliwafikisha mamia ya maelfu ya watoto kidato cha kwanza, na hilo ni jambo kubwa. Nyingi ni za kutwa. Binti anatembea kilomita saba au nane, au wazazi wanampangia chumba jirani na shule, geto lenye godoro, jiko la mkaa na mlango wa bati, akiwa na miaka kumi na nne. Hapo lifti ya bodaboda wakati wa mvua ni msaada wa kweli. Sahani ya chipsi ni chakula cha kweli. Hela ya taulo za kike, ambayo baba haulizwi na mama hana, ni haja ya kweli. Anayetoa vitu hivyo anakuja kudai, na si lazima awe dereva wa bodaboda. Huwa pia mwenye duka, mwenye nyumba, jamaa wa ukoo, na mara nyingine mwalimu.

Sheria dhidi ya wanaume hawa haina upungufu wa ukali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Lakini kesi nyingi huishia ukumbini mwa nyumba. Wazee wanaitwa, pande mbili zinakaa, ng'ombe au fedha zinatajwa, na binti anaelekezwa akasema kwa mwendesha mashtaka kwamba aliyempa mimba alikuwa mpita njia asiyemfahamu. Mwanamume anaendelea na shughuli zake, wakati mwingine mtaa uleule ambao msichana lazima aupite akienda shule. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imeacha upenyo: inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Miaka mitano baadaye Bunge lilikuwa bado halijapitisha marekebisho. Kwa jambo linalogusa watoto, huo ni muda mrefu kupita kiasi, na wabunge wanapaswa kuulizwa majimboni mwao kwa nini.

Kenya ina somo hapa. Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliozaa ilianza huko mwaka 1994, miaka 27 kabla ya Tanzania Bara. Hata hivyo kila msimu wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, magazeti huandika habari za watahiniwa waliofanya mtihani wodini, saa chache baada ya kujifungua, askari akiwa mlangoni na msimamizi kando ya kitanda. Ushujaa wa wasichana hao hauelezeki. Lakini mwaka 2020 serikali ya nchi hiyo ililazimika kutoa mwongozo mpya wa kurudi shuleni, kwa sababu sera peke yake haimfuati msichana nyumbani kwao.

Halmashauri za Tanzania Bara zinaweza kumfuata. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya wanawake hukopa kwa ajili ya kufuga kuku au kutengeneza sabuni. Hakuna kinachokizuia kikundi kimoja katika kila kata kukopa ili kifungue kituo cha kulelea watoto karibu na sekondari, kikapokea watoto wa wanafunzi, wa walimu na wa wauza sokoni kwa ada ndogo, na afisa ustawi wa jamii akakikagua.

Kuna jambo jingine lisilongoja mkopo. Waraka wa 2021 unampa msichana miaka miwili ya kurudi tangu alipoacha masomo. Muda huo unahesabiwa ajue asijue. Mwalimu mkuu anayo majina ya walioacha, mtendaji wa kata anajua wanakoishi, na zahanati inajua nani amejifungua. Shule zikifunguliwa Januari, watatu hao wanaweza kukaa siku moja, wakaorodhesha wasichana ambao muda wao haujaisha, kisha wakaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba kabla ya Machi.