KONA YA MWALIMU: Kikapu Kivuke Bahari

Mwezi huu naongea na akina mama wasukaji hapa Old Kampala. Mama yangu mdogo alisuka vikapu 40 vya rafia na nyuzi za mgomba viende ng'ambo. Mnunuzi akarudisha 11: vingine vina ukungu, vingine havilingani vipimo. Karo ya watoto ikakwama.

Basi tujifunze. Nyuzi zikauke kabisa kabla ya kusuka, na kikapu kianikwe tena kabla ya kufungwa. Safari ya meli ni ndefu, unyevu huzaa ukungu. Pimeni kila kimoja kwa futi ya fundi cherehani.

Njia ipo: tangu 2018 mpango wa UNHCR uitwao MADE51 huunganisha wakimbizi mafundi na masoko ya nje. Mikono tunayo, tuongeze vipimo.

Mwalimu wenu.