Mkusanyiko Usio na Sanadi: Vinyonga wa Usambara Wanakwenda Wapi?

Miongoni mwa mambo ambayo nafsi ya mwanadamu imeumbwa nayo ni kupenda kukusanya. Mtoto wa miaka mitano hukusanya vizibo vya soda. Mtu mzima hukusanya stempu, sarafu, saa za mkono, au vitabu ambavyo pengine hatavisoma. Hapa Lushoto wapo wazee waliohifadhi ndani ya makopo sarafu za heller za Mjerumani, zile zile zilizotuachia neno "hela", na hawaziuzi wala hawazitumii. Wanapenda tu kuwa nazo. Watu wa lugha huliita jambo kama hili uraibu, yaani lile alifanyalo mtu kwa kulipenda, si kwa kutafuta riziki.

Je, uraibu wa namna hii una ubaya? Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba asili ya mambo ya kawaida ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Mwenye kukusanya stempu zake bila ya kufanya israfu, bila ya kupitwa na Swala na bila ya kuwanyima watu wa nyumbani kwake haki yao, hana wa kumlaumu. Kwa hiyo hatukukusudia katika makala haya kuharamisha kilichoachwa wazi. Tunalotaka kulisema ni moja: kila mkusanyiko hupimwa kwa sanadi yake. Kilichokusanywa kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na kwa idhini ya nani?

Umma uliokusanya kwa sanadi

Sisi Waislamu hatukuanza kukusanya leo. Imamu Al-Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alitoka Bukhara akazunguka Hijazi, Iraki, Shamu na Misri akikusanya Hadithi za Mtume (s.a.w.). Pamoja na mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa kile alichokikusanya, hakukubali kuingiza ndani ya Sahihi yake neno lisilojulikana limepokewa kutoka kwa nani. Zilikuwapo habari nzuri za kupendeza masikio, akaziacha kwa sababu mnyororo wake ulikuwa umekatika. Uzuri wa kitu haukutosha kumpa mtu haki ya kukichukua.

Kipimo hicho tumekiweka katika elimu, lakini tumekisahau katika milima yetu wenyewe. Ndugu msomaji, hebu tukitumie kuwapima viumbe wawili waliotoka Usambara wakaingia katika makusanyo ya watu wa mbali.

Ua lililotoka kwetu

Mwaka 1892, katika zama za utawala wa Kijerumani, ofisa mmoja wa Tanga aitwaye Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliona ua dogo la zambarau likiota penye miamba na kivuli. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalieleza kitaalamu na kulipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Wajerumani wenyewe hata leo hulitaja ua hilo kwa jina la Usambara.

Kutoka huko likaenea duniani. Mwaka 1946 wapenzi wake wa Marekani waliunda chama chao, na leo aina zilizozalishwa na wakulima wa maua zinahesabiwa kwa maelfu. Katika nyumba za Ulaya na Marekani wamo wanaopanga vyungu vyake dirishani kama mwanafunzi anavyopanga vitabu vyake.

Tuseme haki hata kama ni juu ya nafsi zetu. Ua hili lilichukuliwa bila ya wenyeji wa milima hii kuulizwa, wala hakuna fungu lililowarudia. Hilo ni dai, na ni dai la haki. Lakini baada ya kuchukuliwa, makusanyo yale hayakuhitaji tena kurudi msituni, kwa kuwa ua hili huzaliana kwa jani: jani moja likichomekwa kwenye udongo hutoa mche mpya. Jirani humpa jirani jani, na mkusanyiko wa pili haupunguzi wa kwanza. Ikiwa leo maua ya mwituni yamebaki katika vipande vidogo vya msitu, sababu kubwa ni ukataji wa miti unaoondoa kivuli chake, na ukataji huo unafanywa na mikono yetu sisi.

Soksi na masanduku ya aiskrimu

Sasa tumtazame kinyonga. Milima ya Usambara ina vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mmoja wao, mwenye pembe mbili puani, makao yake ni Usambara Magharibi tu, yaani hapa hapa kwetu. Mwaka 2006 wataalamu walipounda jina jipya la kundi lake walilitoa katika Kiswahili chetu, wakaliita Kinyongia. Neno wametuazima, na mnyama pia wanamtaka.

Huko Ulaya, Marekani na Asia wapo watu ambao uraibu wao ni kuweka vinyonga ndani ya visanduku vya vioo, na kadiri kinyonga anavyokuwa adimu ndivyo mwenye kukusanya anavyojisifu kwa kuwa naye. Mwezi Januari 2021 maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walitangaza kwamba wamemkamata msafiri aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia akiwa na vinyonga 74. Walikuwa wamefichwa ndani ya soksi na masanduku matupu ya aiskrimu. Wengine walikuwa watu wazima, wengine wana umri wa wiki moja tu. Ilielezwa kuwa walitoka katika Milima ya Usambara. Watatu walikufa, na waliosalia wakapelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Thamani yao ilikadiriwa kuwa euro 37,000, yaani euro 500 kwa kila mmoja.

Huyo ndiye mkusanyaji asiye na sanadi. Ukimuuliza amewapata wapi, hana jibu ila soksi.

Lakini, ndugu Waislamu, yule msafiri hakuwajua vinyonga hawa walipo. Kuna aliyemwonesha. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha ya kijiti, rangi yake ikafifia na kuwa nyeupe, na mwanga wa tochi humfichua upesi. Kazi hiyo hufanywa na vijana wetu. Sisi tunaofundisha madrasa tunalijua jambo hili kwa njia ya mikeka mitupu: kipindi cha baina ya Magharibi na Isha, ambacho watoto hutakiwa kuwa mbele ya misahafu, wengine wamo vichakani na tochi. Wanacholipwa, kama wanavyosimulia wenyewe, ni bei ya soda. Linganisha na euro 500, kisha uniambie ni nani katika biashara hiyo aliyedhulumiwa baada ya kinyonga mwenyewe.

Wala tusidhani kuwa hili ni la Wazungu peke yao. Mwezi Novemba 2010 wanyamapori hai wa Tanzania, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa ndegeni katika uwanja wa KIA wakapelekwa Qatar, nchi ya Waislamu. Dhulma haibadiliki kuwa halali kwa sababu mpokeaji wake anaswali.

Sunna inasemaje

Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege akicheza nacho. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za kindege hicho, na kilipokufa alimliwaza. Wanazuoni wamechukua hapa ruhusa ya kumweka ndege kwa ajili ya kujifurahisha, kwa sharti asiteswe. Ibn al-Qass, faqihi wa madhehebu ya Shafi, alitoa katika Hadithi hiyo moja faida zaidi ya sitini. Basi asiseme mtu kuwa dini imebana.

Hata hivyo, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, masahaba walipokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yake akaja akawa anapigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Tena iko habari mashuhuri, katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie.

Ukizikusanya Hadithi hizi tatu utaiona mipaka. Kuweka kiumbe kunaruhusiwa. Kukipokonya kutoka kwa wazazi wake kumekatazwa. Kukifungia bila ya kukitimizia haja zake ni jambo la kuogopwa. Kinyonga wa wiki moja aliyetiwa ndani ya soksi kwa safari ya kutoka Tanzania hadi Austria amevukiwa mipaka yote miwili kwa pamoja.

Majibu kwa wenye hoja

Wapo wanaosema: kinyonga ni mdudu wa mkosi, na tumeamrishwa kumuua, basi kuna ubaya gani akiuzwa? Hili ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la fiqhi. Mnyama aliyetajwa katika Hadithi ni *wazagh*, naye ni yule wa ukutani ambaye watu wa pwani humwita mjusi kafiri. Kinyonga kwa Kiarabu ni *hirbaa*, na hakutajwa katika amri hiyo. Ama mkosi, kuamini kwamba kiumbe fulani huleta nuksi ni tiyara, na tiyara imekatazwa na Mtume (s.a.w.). Kinyonga hana kosa ila kula nzi na panzi wa mashamba yetu.

Wengine husema: Serikali yenyewe iliwahi kuruhusu. Ni kweli. Kwa miaka mingi vinyonga waliuzwa nje kwa vibali na kwa idadi maalumu chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Kisha mwaka 2016 Serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na tangazo la Juni 2022 la kuwafungulia mlango kwa muda wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama lilisitishwa upesi na Waziri. Na hata katika wakati wa vibali, kibali alipewa mwenye leseni kwa mujibu wa sheria. Kijana mwenye tochi na dalali asiye na jina hawakuwa na kibali jana wala juzi. Kutii mamlaka katika jambo lisilo la maasi ni sehemu ya dini yetu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya umaskini. Shamba limegawanywa kwa watoto mpaka limekuwa matuta machache, bei ya mboga ikifika Mombo imeshaliwa na usafiri, na kijana anaambiwa aache hata shilingi ya kinyonga. Hatuwezi kuidharau hoja hii, na mwenye kuidharau hajakaa na njaa. Lakini jibu lake lipo katika milima yetu hii hii. Upande wa Amani, wilayani Muheza, wanavijiji walifundishwa kufuga vipepeo: walikuwa wakipanda majani wanayokula viwavi, wakifuga, kisha wakiuza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya gamba lake, kwa bustani za maonesho za Ulaya na Marekani. Mfugaji hazalishi kwa kumaliza msitu. Kinyume chake anauhitaji msitu usimame. Hiyo ndiyo biashara yenye sanadi: mfugaji anajulikana, kikundi kinajulikana, mnunuzi anajulikana. Inasikitisha kwamba zuio la 2016 liliwakumba na hao pia, wakakwama pamoja na wasafirishaji wa magendo ilhali kazi zao hazifanani. Kudai kwamba mfugaji halali atofautishwe na mwizi ni dai ambalo viongozi wa misikiti yetu wanaweza kulibeba bila ya haya.

Tunachowaasa ndugu zetu

Kwanza, mzazi amuulize mwanawe fedha imetoka wapi, hata ikiwa ni ya soda. Mtoto asiyeulizwa sanadi ya shilingi mia leo hataulizika kuhusu milioni kesho.

Pili, kijana anayewaonesha wageni kinyonga kando ya barabara ya kupanda kutoka Mombo, amwoneshe akiwa juu ya kijiti chake na amwache hapo. Mgeni atalipa kwa kuona, na kesho mgeni mwingine atalipa kwa kumwona yule yule. Aliyeuzwa hulipwa mara moja tu.

Tatu, maimamu wetu wa Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli waitaje habari hii katika hotuba zao. Watu wetu wanaogopa haramu wanapoijua. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Nne, na hili linamhusu kila mwenye uraibu wowote, awe wa stempu, wa sarafu au wa maua: tazama rafu yako, uchukue kimoja kimoja, ukiulize kimetoka kwa nani. Ukipata jibu, starehe nacho. Usipolipata, kirudishe kama makinda yale yalivyorudishwa kwa mama yao.

Siku ya Kiyama mwanadamu ataulizwa kuhusu mali yake maswali mawili: ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Swali la kwanza ni swali la sanadi.

Wabillahi tawfiq.