Nyumba iko Bariadi, wewe uko mbali

Wengi mliojenga Bariadi, Maswa au Lamadi mnaishi Dar es Salaam au Mwanza, na nyumbani mmemwacha bibi na wajukuu. Kila mwezi pesa inatumwa kwa ndugu "akalipe bili". Ndugu naye ana ada za watoto wake. Maji yakikatwa, bibi anarudi kwenye kisima cha wazi, na wa kwanza kuharisha ni yule mdogo.

Lipa mwenyewe. Ukiwa na namba ya mita unanunua LUKU kwa simu, na ankara ya maji ina namba yake ya malipo. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU. Usiponunua miezi kadhaa deni linajikusanya, ndiyo maana bibi analalamika kwamba elfu tano imeleta uniti kiduchu. Kama kuna mpangaji, kodi hiyo ni mzigo wako, mpunguzie kwenye pango. Kodi ya ardhi ni nyingine, hulipwa kila mwaka, LUKU haiigusi.

Namba ya mita iandikwe pia ukutani, kwa wino mkubwa. Siku simu yako imezima, jirani atamnunulia.