Mashauri ya Nyumbani: Binti Aliyevunja Ungo Bado Akua



Mwezi wa Januari baba mmoja wa upande wa Kasulu alinijia jioni, akaketi, akazungusha kofia yake mikononi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, binti yangu amevunja ungo tangu Novemba. Umri wake ni miaka 13. Kuna watu wameleta neno la ng'ombe, na wazee wasema mgomba uliotoa ua hauzuiwi kuzaa. Nawe wasemaje?"

Sikumjibu kwa ukali, maana alikuja kuuliza, na wengi hawaulizi. Nalimweleza taratibu jinsi mwili ukuavyo, nami nawaandikia ninyi yale yale, hasa waalimu mnaoulizwa shuleni mkaona haya kujibu.

Mwanzo wa mtu ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Katika juma la nne baada ya mimba kutungwa moyo umekwisha kuanza kupiga, na pengine mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Hata juma la nane viungo vikubwa vyote vimeanza, naye mtoto ana urefu wa sentimeta 3 tu. Baada ya mwezi wa nne hivi mama husikia akicheza. Luka atuambia kwamba Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita alipotembelewa na Mariamu, na mtoto akaruka; mama zetu hawakuhitaji mtu kuwafasiria habari ile.

Hapa nataka kusema neno juu ya chumvi. Katika nchi za juu kama yetu udongo huwa na upungufu wa madini joto. Wazee waliliona rovu shingoni, wasijue ya kuwa upungufu ule ule huharibu ubongo wa mtoto tumboni. Muhogo usiolowekwa vema huzidisha madhara. Chumvi ya Uvinza yasifiwa tangu zamani, lakini sifa si hoja: mwulizeni mwuzaji kama imetiwa madini joto, nanyi mwitunze katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na moto.

Miaka ya utoto nitaipita upesi. Kwa miezi 6 maziwa ya mama peke yake yatosha. Mwaka ukitimia, uzito umekuwa kama mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Meno ya utoto ni 20, nayo huanza kung'oka karibu na miaka sita. Halafu mtoto huongezeka polepole, hata mwili uamke tena: kwa wasichana kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14.

Kwa msichana matiti hutangulia, kisha kimo huenda mbio, na damu ya mwezi huja mbio zile zikikaribia kwisha. Lakini kukaribia si kwisha. Mifupa ya nyonga huendelea kupanuka miaka kadhaa baada ya damu ya kwanza. Akichukua mimba kabla ya hapo, kichwa cha mtoto chaweza kukwama. Mtoto hufa; na mama, akipona, huenda kibofu chake kikatoboka, mkojo ukamtoka mchana na usiku. Nimewaona walioachwa hivyo na wale wale walioleta ng'ombe.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuozwa kabla ya miaka 18 vyapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Habari hiyo nayo nalimweleza, ila naona haikumgusa sana. Nikamkumbusha kwamba Bwana wetu, alipokuwa na miaka 12, alirudi Nazareti pamoja na wazazi wake, akazidi kukua. Akanyamaza.

Nikampa kipande cha mkaa, nikamwambia amsimamishe binti penye mwimo wa mlango, atie alama juu ya kichwa chake. Mwezi wa Agosti alirudi, akaniinulia vidole viwili vilivyobanwa pamoja.

"Ameipita alama hivi, Mwalimu," akasema. "Wale watu nimewaambia warudi kwao na ng'ombe wao."