Jicho la Samaki na Swali la Retina ya Kupandikizwa

Mnunuzi wa migebuka katika soko la Mazwi hutazama jicho la samaki ili ajue kama ni mbichi. Jicho hilo lastahili kutazamwa darasani pia.

Samaki hukua maisha yake yote, na jicho lake hukua pamoja naye. Ukingoni mwa retina, yaani utando wa neva ulio nyuma ya jicho, mna seli zigawanyikazo na kuzaa neva mpya. Mwaka 1981 Pamela Johns na Russell Fernald walieleza katika jarida la Nature kwamba kwa Astatotilapia burtoni, samaki mdogo wa Ziwa letu la Tanganyika, seli zipokeazo mwanga hafifu huzaliwa hata ndani ya retina iliyokwisha kujengeka.

Binadamu hana neema hiyo. Mtoto wa jicho huziba lenzi tu, na daktari aweza kuiondoa. Glakoma huua neva zenyewe, na zilizokufa hazirudi. Ndiyo maana wataalamu wamejaribu kupandikiza. Tishu changa ya retina, ikitolewa katika kijusi cha panya na kutiwa katika jicho la panya mwingine, huendelea kukua: seli zake hugawanyika, zikawa neva za aina mbalimbali na kujipanga kwa matabaka, ingawa mara nyingi matabaka hayo hujikunja yakafanya viduara. Mwaka 2011 kundi la Yoshiki Sasai mjini Kobe, Japani, lilionyesha kwamba seli shina za panya zaweza kujiumba kikombe cha jicho katika chombo cha maabara. Mwaka 2020, mjini humo humo, tishu ya retina iliyotokana na seli shina ilipandikizwa kwa mgonjwa.

Lakini kipandikizi kuishi si sawa na kuona. Neva zake hazina budi kuungana na neva za mwenyeji. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba seli zilizotiwa machoni mwa panya zilikwisha kuungana, kwa kuwa ziling'aa kwa alama ya mtoaji. Mwaka 2016 watafiti walibaini kuwa nyingi kati ya hizo zilikuwa seli za mwenyeji, zilizopokea tu protini kutoka kwa wageni wao. Kwa maoni yangu, sahihisho hilo lastahili kufundishwa kuliko ushindi wa 2011.

Basi mwalimu asimalizie somo la jicho kwa kuchora na kutaja sehemu. Wala asimwambie mwanafunzi, ambaye bibi yake anapoteza uoni kule Laela au Matai, kwamba retina mpya i njiani. Amwambie bibi apimwe mapema, maana glakoma ikigunduliwa mapema huweza kuzuiwa isiendelee kuharibu. Kisha anunue kichwa cha samaki, alipasue jicho kwa wembe, awaulize wanafunzi kwa nini seli za huyu hugawanyika na zetu hazigawanyiki. Lenzi itakayotoka ni ya mviringo kama gololi, haifanani na ile ya kitabuni, na hapo maswali yatakuwa mengi.