Gari la zamani halikatai elektroniki, fundi ndiye anayekataa kupima

Kuna maneno ya gereji yanayoniudhi kweli kweli: "Hii gari ni ya zamani, haitaki mambo ya elektroniki." Ukiyasikia, jua fundi ameishiwa na mfuko wako ndio utakaolipia.

Chukua Datsun 1200, zile pikapu za miaka ya 70. Zilitoka kiwandani na pointi ndani ya distributa, ndizo zinazokata umeme wa koili ili plagi ipate cheche. Pointi huchakaa na kuungua, kwa hiyo watu huzitoa na kuweka moduli ndogo ya elektroniki. Wazo zuri kabisa. Halafu gari linagoma kuwaka, na kamari inaanza: badilisha plagi, badilisha koili, badilisha hata kondensa... Kondensa jamani! Kazi yake ilikuwa kuzikinga pointi zisiungue, na pointi zenyewe hazipo tena.

Sisi tunaoandika programu tumezoea jambo moja. Programu ilifanya kazi jana, leo umebadilisha mistari kumi, imekufa. Unaanza na ile mistari kumi. Huendi dukani kununua kompyuta mpya.

Haya, kwenye Datsun kilichobadilika ni nini? Moduli na waya zake, basi. Sasa sikiliza. Kati ya swichi na koili, magari mengi ya enzi hizo yana rezista ya kupunguza umeme ili koili na pointi zisichemke. Injini ikishawaka, koili hupata kama nusu tu ya volti za betri. Lakini unapopiga stata, kuna waya mwingine unaoiruka rezista na kuipa koili umeme wote uliopo. Pointi hazijali haya yote kwa sababu ni swichi tu ya chuma. Moduli inajali sana. Ukiufunga waya wake wa umeme pale kwenye koili, baada ya rezista, eti kwa sababu ndipo karibu, unailisha makombo.

Mzee mmoja jirani yetu hubeba mboga za watu kwenda sokoni. Pikapu yake ililala wiki nzima na wateja wakahamia kwa mwingine. Fundi wa tatu alikuwa tayari kumrudishia pointi. Nikaenda na mita. Betri: volti 12.4. Stata ikizunguka: 9.8, hapo hakuna shida. Kwenye waya wa moduli, stata ikizunguka: 5.1! Ule waya wa kuruka rezista ulikuwa umekatwa siku moduli ilipofungwa. Tukaurudisha, tukahamisha waya wa moduli upande wa swichi, kabla ya rezista. Ikawaka.

Najua mafundi watanijibu kwamba wao wana uzoefu wa miaka ishirini na mimi ni mtoto wa kompyuta. Uzoefu nauheshimu, kuna fundi anayejua valvu mbovu kwa kusikiliza tu. Lakini volti haina sauti. Na mita ya kawaida ni rahisi kuliko koili moja.

Mzee alinunua mbili. Ziko chini ya kiti hadi leo, mpya, duka limekataa kuzipokea.