Msomaji wa Bwejuu Asisahauliwe

Ni kosa kudhani kwamba gazeti linalotoka mtandaoni pekee lina hadhira ileile ya karatasi na redio. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, gazeti moja hupita mikono mingi: mmoja husoma, wengine husikiliza na kubisha. Msomaji wa mtandao husoma peke yake, na huenda yuko Muscat au London. Siasa za nyumbani anazifuatilia, bei ya mwani haimshughulishi.

Bwejuu bei hiyo ndiyo chakula. Kilimo cha mwani kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni akina mama. Maji yakitoka wamo baharini, wameinama, mikono imelowa chumvi. Nani atafungua simu hapo? Vijana wa mahoteli huzifungua, ni kweli. Lakini mama hupata habari jioni, kwa redio, iliyokuwapo Unguja tangu 1951, nyumba nzima ikisikiliza.

Sasa mhariri wa mtandaoni huona kila saa habari ipi imefunguliwa na watu wangapi. Mkulima asiyefungua haonekani katika hesabu hiyo, na asiyeonekana haandikiwi. Bahari ilipopata joto na mwani wa bei kubwa ukaanza kufa, habari hiyo ilikuwa ya nani kwanza? (Magazeti nayo yasijisifu, shamba hufika yakiwa yamechelewa.) Waandishi wa mtandao na waende Bwejuu, na taarifa zao zisomwe redioni kabla mnunuzi hajafika na mizani yake.